Huduma ya kupima protini za vitu vya mfupa vya kale (ZooMS): nimeitumia, haya ndo maoni yangu

Kwa wenye haraka nianze na jibu: itumieni. Kama una vitu vya mfupa vya kale, machanuo, sindano, mashazia, vidani, filimbi, mipini ya visu, na hujui vilichongwa kutoka kwa mnyama gani, hii huduma ya maabara inayoitwa ZooMS ndo bora kuliko njia zote nilizowahi kutumia na naipa nyota nne kati ya tano. Nyota moja nimeibakiza, na sababu yake haiko kwenye sayansi yenyewe, iko kwenye namna majibu yanavyoandikwa na kukabidhiwa, nitaieleza huko chini maana ni jambo linalonikera sana.

Shida yenyewe kwanza. Mfupa ambao haujachongwa, mtaalamu wa mifupa ya wanyama anausoma kwa macho, anaangalia maungio, umbo la ncha, matundu ya mishipa, anaweka pembeni mfupa wa kulinganishia afu anakwambia huyu kondoo, huyu nguruwe. Ila fundi wa kale alipokaa na mfupa wake kitu cha kwanza alichofanya ni kukata hizo hizo ncha, akachonga, akasugua, akang'arisha, yaani kila alama anayoitegemea mtaalamu iliondoka na vumbi la kuchonga. Ndo maana ukifungua katalogi za makumbusho unakutana na maneno yale yale, "mamalia mkubwa", "mamalia wa wastani", "mfupa au pembe", na kitu kimekaa hivyo kwenye droo miaka nenda rudi. Mi hilo linaniuma kweli, kwa sababu kumjua mnyama sio kujaza tu kisanduku kwenye fomu. Kunakwambia fundi alichagua au aliokota kilichokuwepo, malighafi ilitoka jirani au ililetwa kutoka mbali, na pengine mnyama huyo alikuwa na maana gani kwa watu wale.

Chukua vile vifaa vya kulainishia ngozi vya Neanderthali, wale binadamu wa kale waliotoweka, vilivyochimbuliwa Ufaransa, Abri Peyrony na Pech-de-l'Azé. Kwenye baadhi ya matabaka hayo mifupa iliyojaa ni ya reindia, yule kulungu wa nchi za barafu, kwa hiyo mtu yeyote angedhani na vifaa vimetengenezwa kwa mbavu za reindia maana zilikuwepo kibao. Utafiti wa 2020 ukapima protini, zikatoka mbavu za wanyama wakubwa wa jamii ya ng'ombe, baisani (jamaa wa nyati wa Ulaya na Amerika) au ng'ombe pori wa kale. Maana yake watu wale waliipita mifupa iliyokuwa tele wakatafuta inayofaa kazi. Huwezi kulijua hilo kwa kukitazama kifaa, hata ukikitazama mwaka mzima.

Au machanuo ya Ribe, mji wa biashara wa kale huko Denmark. Mwaka 2015 Steven Ashby na wenzake walionyesha kwamba baadhi ya pembe za kutengenezea machanuo pale zilikuwa za reindia, mnyama ambaye haishi maeneo hayo, kwa hiyo zililetwa kutoka kaskazini mbali, na ushahidi unaanzia miaka ya 780, kabla ya ule uvamizi maarufu wa Waviking huko Lindisfarne, Uingereza, wa 793. Yaani vipande vya taka za fundi wa machanuo vinakuonyesha safari ndefu za biashara kabla Waviking hawajaanza kuandikwa kwenye historia kama wavamizi. Kwa macho ni vipande vya pembe tu.

Sasa ZooMS inafanyaje. Sehemu kubwa ya protini iliyoko kwenye mfupa ni kolajeni, ni minyororo mitatu imesokotana, kila mnyororo una amino asidi kama 1000 zimefuatana kama shanga kwenye uzi. Mpangilio unafanana sana kwa wanyama wote wenye uti wa mgongo ila huku na kule shanga moja imebadilika, na mabadiliko hayo madogo ndo yanayomtenga huyu na yule. Maabara inachukua kolajeni kidogo, inaweka kimeng'enya kinachoitwa tripsini ambacho kinakata mnyororo kikikutana na amino asidi mbili tu, laisini na arginini, kwa hiyo mnyama yule yule anatoa vipande vile vile kila mara. Vipande hivyo, yaani peptidi, vinachanganywa na kemikali inayofyonza mwanga, vinadondoshewa kwenye sahani ya chuma, vinapigwa leza, vinaruka ndani ya bomba lisilo na hewa, vyepesi vinafika mapema vizito vinachelewa, mashine ya MALDI-TOF inapima muda huo na kuugeuza kuwa uzito. Unachopata mwisho ni grafu yenye vilele, kila kilele ni peptidi na uzito wake. Michael Buckley, Matthew Collins na wenzao ndo walioitambulisha njia hii mwaka 2009, na mwaka uliofuata wakaonyesha kwamba peptidi moja tu inaweza kutenga kondoo na mbuzi.

Kuhusu hizo grafu, nawashauri mzitazame wenyewe, msiishie kwenye jedwali la majibu. Kwenye kundi la vitu tulilotuma kulikuwa na shazia moja dogo, jembamba, upande wa kushikia umeng'aa kwa mikono ya watu, ambalo kwenye katalogi liliandikwa "kondoo au mbuzi" tangu lilipoingia. Kondoo na mbuzi ni mtihani hata kwa mifupa mizima, kwa kitu kilichochongwa ndo usiseme. Ukienda upande wa kulia wa grafu, huko kwenye uzito wa 3000 na kitu, kondoo anatoa vilele viwili, 3017 na 3033, mbuzi anatoa 3077 na 3093. Vinakuja viwili viwili vikiachana kwa 16 kwa sababu prolini moja kwenye kipande hicho wakati mwingine imebeba oksijeni ya ziada na wakati mwingine haijabeba, na oksijeni uzito wake ni 16. Kwenye shazia letu kilele cha 3033 kimesimama wima, 3017 kiko pembeni yake kifupi kidogo, na kule kwenye 3093 mstari umelala kabisa, hamna kitu. Lakini hapo bado usiseme kondoo, maana ng'ombe naye ana 3033, kinachomtoa ng'ombe ni kwamba yeye ana 2853 na 2869 mahali ambapo kondoo ana 2883 na 2899, na hata kulungu ana 2883 na 2899 ila yeye ana 1550 pale kondoo anapokuwa na 1580. Unazisoma zote kwa pamoja. Nilipozipitia moja moja na penseli nikaona zinakubaliana, nilifurahi kiasi kwamba nilimwita kila aliyekuwa karibu aje aone, kwa sababu lile "au" la kwenye katalogi lilikuwa limekufa rasmi.

Tuje kwenye uchukuaji wa sampuli, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu kwa mtu anayetunza vitu hivi ndo swali la kwanza na la mwisho: wataniharibia? Njia ya kawaida ni kukata kipande kidogo sana, miligramu chache, na hata hapo sio lazima wakiyeyushe kwa asidi. Kuna njia ya upole ambapo kipande kinalowekwa kwenye maji ya ammonium baikaboneti, kinapashwa nyuzi 65 kwa saa moja, kolajeni kiasi inatoka na mfupa unabaki. Kwa kipande cha mfupa usio na umbo mi sina tatizo na hilo, ila kwa kidani au sindano yenye tundu, hapana, hata miligramu moja naihesabu.

Ndo hapo inaingia raba. Ndio, raba ya kufutia penseli, ya PVC. Ilianzia kwenye ngozi za maandishi ya kale, Sarah Fiddyment na wenzake walichapisha mwaka 2015 kwamba ukisugua ngozi taratibu kwa raba, msuguano unatengeneza umeme tuli unaovuta protini, na vile vijiraba vinavyomeguka vinakuwa vimebeba kolajeni ya kutosha kupima. Wakazipima ngozi zile nyembamba sana za Biblia za karne ya 13, ambazo watu walikuwa wanabishana kama ni za watoto wa ng'ombe ambao hawajazaliwa au za sungura, zikatoka ni ndama, mbuzi na kondoo. Baada ya hapo watu wakaileta kwenye mifupa. Kwetu fundi wa maabara alikuja na glavu, akakata raba mpya kwa kisu safi kwa kila kitu kimoja, anasugua upande mmoja tu, anaelekea mwelekeo mmoja, sehemu ambayo tulikuwa tumekubaliana kwa picha kabla, vijiraba vinadondokea kwenye karatasi iliyokunjwa, vinamiminwa kwenye kichupa, kichupa kinaandikwa namba, raba inatupwa, glavu zinabadilishwa. Nilipenda sana ule utaratibu, hakuna haraka hakuna mazungumzo ya pembeni wakati mkono uko kwenye kitu.

Ila msidanganywe kwamba raba haigusi chochote. Virginie Sinet-Mathiot na wenzake walichunguza jambo hilo kwa hadubini mwaka 2021 wakaona kusugua kunaweza kubadilisha uso wa mfupa kwa kiwango cha mikroni, kiwango ambacho ndo hicho hicho watafiti wa alama za matumizi wanakisoma kujua kifaa kilitumika kwenye ngozi au kwenye mti. Kwa macho huoni kitu, kwenye hadubini unaona. Kwa hiyo kama shazia lako halijawahi kupigwa picha za hadubini, piga kwanza, ndo uite mtu wa raba, na hata hapo achague sehemu isiyo na alama za kazi. Maabara yetu ililisema hilo yenyewe kabla hatujauliza, hiyo ni alama nzuri kwao.

Kuna njia nyingine ambayo mi naiona ya ajabu kabisa, ya kifuko. Kitu cha mfupa kilichokaa kwenye kifuko cha plastiki muda mrefu kinaacha protini ukutani mwa kifuko kwa kule kugusanagusana tu, na unaweza kupima kifuko bila kukigusa kitu. Krista McGrath na wenzake walifanya hivyo mwaka 2019 kwa ncha zilizochongwa kwa mfupa na Wairokwoi, wenyeji wa asili wa Amerika Kaskazini, kutoka Quebec, Kanada, na zikatoka sio kulungu tu, kulikuwa na dubu na kulikuwa na binadamu. Vile vifaa vya Neanderthali nilivyovitaja juu navyo vilipimwa kupitia makontena yao ya plastiki. Kwetu njia hii ilitoa majibu kwa vitu vichache, vingine grafu ilikuwa dhaifu ikabidi turudi kwenye raba, ila naomba sana wenye mikusanyiko mkisikie hiki: msitupe vifuko vya zamani mnapobadilisha vifungashio. Viandikeni namba, viwekeni.

Jambo lingine lililonifanya niwaamini ni fomu yao. Waliuliza kitu kimewahi kupakwa nini, gundi gani, dawa gani ya kuimarisha, nani alikitengeneza kikivunjika. Wengine wataona ni usumbufu lakini fikiria: gundi za asili za wanyama zinapikwa kutoka kwenye ngozi na mifupa, yaani gundi yenyewe ni kolajeni. Chanuo la kulungu lililounganishwa zamani kwa gundi ya ng'ombe linaweza kukutolea grafu yenye ng'ombe ndani yake, au grafu yenye wanyama wawili wamechanganyika. Kwenye makumbusho ambako vitu vimepita mikononi mwa wahifadhi kizazi baada ya kizazi na kumbukumbu hazipo, hili sio la kubahatisha. Kuna mpini mmoja waliukataa kabisa kuupima mpaka tuonyeshe sehemu isiyo na gundi, tukaitafuta, tukaipata karibu na tundu la msumari.

Na waliuliza swali lingine ambalo sikulitegemea kwenye fomu ya maabara: ikitokea kitu ni mfupa wa binadamu, mnataka tufanye nini? Jibuni hilo kabla ya kutuma. Sio nadharia. Ncha zenye miiba zilizookotwa fukwe za Uholanzi, kutoka ile nchi iliyozama chini ya Bahari ya Kaskazini wanayoiita Doggerland, walipima kumi, nane zikawa za kulungu mwekundu na mbili za binadamu, na kwa macho zote ni ncha za mfupa tu. Mfupa wa binadamu una heshima zake, kuna jamii zinazohusika, kuna sheria za kila nchi, na ni vibaya kulikuta jibu hilo kwenye jedwali siku ya Jumatatu huku kitu kiko kwenye kabati la maonyesho.

Majibu yetu kwa ujumla yalikuwa mazuri. Vingi vilipata jina la kundi, machanuo mengi yakawa ya jamii ya kulungu kama tulivyotarajia, sindano zikagawanyika kondoo na nguruwe, na kile kidani kilichoandikwa "tembo" kwa herufi kubwa kikatoka kiboko. Hilo la tembo na kiboko ni kazi inayofanywa vizuri na ZooMS kwa sababu meno yao nayo yamejengwa kwa kolajeni, Ashley Coutu na wenzake walishaitumia kwa vipande vya pembe za ndovu vya karne ya 7 hadi ya 10 kutoka KwaZulu-Natal, kabla ya kuendelea kuuliza tembo wenyewe walikula malisho ya wapi.

Vilivyoshindikana ni vile vilivyoungua. Moto unaua kolajeni, kitu kikishakuwa cheusi au cheupe kwa kuungua usitegemee. Na udongo wenye joto na unyevu mwingi nao unaila protini haraka, ndo maana sampuli za nchi za baridi zinadumu zaidi, kuna ngamia wa Aktiki ya Kanada mwenye miaka zaidi ya milioni 3 ambaye alitambuliwa kwa kolajeni yake mwaka 2013, huko ilikohifadhiwa na baridi. Maabara yetu kwa vitu hivyo waliandika "hakuna kolajeni ya kutosha" basi, hawakujaribu kukisia, na mi nawaheshimu kwa hilo kuliko hata kwa majibu waliyoyapata. Pia msitume vitu vya gamba la kasa, wala vya pembe za ng'ombe, zile ganda la nje linalofunika mfupa, hivyo ni keratini, protini nyingine kabisa, vina njia zake. Pembe za kulungu ni mfupa halisi, hizo sawa.

Haya, nyota iliyobaki. Jedwali la kwanza tulilotumiwa liliandika "ng'ombe". Ng'ombe, nukta. Wakati alama zilizoko kwenye grafu haziwezi kumtenga ng'ombe wa kufugwa na ng'ombe pori wa kale wala na baisani, hao wote wanatoa vilele vile vile. Sehemu nyingine liliandika "mbwa" ilhali mbwa na mbwa mwitu hawatengani kwa njia hii, na "farasi" ilhali farasi na punda nao hawatengani. Hili sio suala la wapenda ubishi. Mtu atachukua hilo jedwali akaandika makala kwamba hapa palikuwa na mifugo, mwingine atainukuu, wa tatu atachora ramani, na chanzo chake ni neno moja ambalo data haikuliruhusu. Kolajeni inabadilika polepole mno kwenye mageuzi ya viumbe, hiyo ndo nguvu yake na ndo mpaka wake, inadumu na inasomeka lakini ndugu wa karibu inawaacha pamoja. Tembo na mamothi, yule jamaa wa tembo aliyetoweka, hali kadhalika. Binadamu na Neanderthali hali kadhalika. Jibu la haki ni "ng'ombe, ng'ombe pori au baisani", afu sisi wenye kitu na mahali kilipotoka na umri wake ndo tunapunguza orodha.

Tulipoandika kulalamika walirekebisha, na kwa adabu, ila haikupaswa kusubiri malalamiko. Na mafaili ghafi ya grafu hayakuja na ripoti, ilibidi kuyaomba, na kati ya kupokea sampuli na kutoa majibu kulikuwa na ukimya mrefu ambao imeili moja tu ingeumaliza. Mafaili ghafi ni haki ya mteja jamani. Alama mpya zinagunduliwa kila mara, grafu ya leo inaweza kusomwa upya kesho ikatoa jibu kali zaidi bila kusugua kitu tena. Mfano mzuri ni wanyama wa Afrika. Rejea za mwanzo zilijengwa zaidi kwa wanyama wa Ulaya, na Afrika ina swala na jamaa zake wengi kupita kiasi, kwa hiyo majibu mengi yalikuwa yanaishia kwenye "jamii ya ng'ombe" tu. Mwaka 2021 Anneke Janzen na wenzake wakachapisha alama mpya za wanyama hao wakazitumia kwenye mifupa ya Enzi ya Chuma kutoka Zambia. Mwenye mafaili yake ya zamani anafungua anasoma upya, asiye nayo anaanza kuomba ruhusa ya sampuli.

Wengi wataniuliza kwa nini usiende DNA moja kwa moja. DNA inakwambia mengi zaidi, hilo halina ubishi. Kuna kidani cha jino la kulungu kutoka pango la Denisova, Siberia, ambacho mwaka 2023 watafiti walikipasha taratibu kwenye kimiminika bila kukikata, wakatoa DNA ya mnyama mwenyewe na ya mwanamke wa kale aliyekishika au kukivaa, nilisoma taarifa ile nikakosa la kusema. Lakini DNA ni ghali zaidi, inachukua muda zaidi na inaharibika mapema kuliko kolajeni, huwezi kuifanya kwa droo nzima. ZooMS ndo chekeche la kwanza. Pango hilo hilo la Denisova, timu ya Samantha Brown ilipitisha vipande zaidi ya 2000 vya mifupa visivyo na umbo kwenye ZooMS, kikapatikana kimoja chenye alama za binadamu, kijifupa cha chini ya sentimita 3, matokeo yakachapishwa 2016. Ndo kikapelekwa DNA, na 2018 dunia ikajua ni binti ambaye mama yake alikuwa Neanderthali na baba yake Mdenisova, jamii nyingine ya binadamu wa kale iliyopewa jina la pango hilo. Bila chekeche kile kijifupa kingekuwa bado kwenye mfuko na wenzake.

Na hadubini nayo isitupwe. ZooMS inakwambia mnyama, haikwambii ni sehemu gani ya mnyama, pembe ya kulungu na mguu wa kulungu kolajeni yake ni ile ile. Kama swali lako ni "mfupa au pembe", jibu liko kwenye muundo wa ndani unaoonekana kwa hadubini, sio kwenye protini. Tulikuwa na machanuo mawili yaliyotoka "kulungu" yote, moja ni pembe, jingine ni mfupa wa mguu, na hilo tumelijua kwa mtaalamu wa kutazama, mama mmoja mwenye jicho kali ambaye mwanzoni alidhani mashine imekuja kumnyang'anya kazi. Sasa hivi ndo anaongoza kuchagua vitu vya kundi linalofuata.

Kwa hiyo nani atumie: mwenye vitu vilivyochongwa, vimehifadhika vizuri, havijaungua, ana historia ya gundi au angalau anajua sehemu safi iko wapi, na ana swali ambalo ngazi ya kundi inatosha kulijibu. Kama swali lako ni "wa kufugwa au wa porini" subiri, au tafuta pesa ya DNA. Kama kitu chako ni cha ndege hakikisha kwanza maabara ina rejea za ndege, sio zote zinazo, na alama za ndege ziko nyuma ukilinganisha na za mamalia.

Sisi tunatuma kundi la pili kwa maabara ile ile. Kwenye sehemu ya maelezo ya ziada safari hii tumeandika mapema kabisa kwamba tunataka mafaili ghafi pamoja na ripoti, tunataka orodha ya vilele vilivyotumika kufikia kila jibu, tunataka jina liishie kwenye ngazi ambayo alama zinaruhusu, na mabaki ya kolajeni yoyote yarudishwe kwetu yakiwa kwenye friza na namba ya kitu chake juu ya kichupa.